Historia ya magari ya Safari Rally ianze kwa mafundi

Kwa Mhariri,

Kila mara mbio za Safari Rally zinapokaribia Naivasha, magazeti yetu, lako likiwemo, hutenga ukurasa mmoja au miwili ya kumbukumbu. Orodha ya washindi tangu 1953 huchapishwa upya, picha ya marehemu Joginder Singh huwekwa juu, kisha hufuata aya chache kuhusu matope ya enzi zile na jinsi magari ya leo yanavyodekezwa. Nashukuru kwa kurasa hizo, maana bila hizo vijana wengi wa kaunti hii ya Nakuru wangedhani mashindano haya yalizaliwa 2021, yaliporudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Hata hivyo orodha ya washindi si historia ya magari yenyewe, wala ya watu walioyaendesha na kuyatengeneza, na naomba nafasi nieleze ninavyoliona jambo hili, kwa kuwa baadhi ya wanaojua yaliyotokea bado tunao.

Mimi ni muuza vipuri mjini Nakuru. Kwa miaka mingi wateja wangu wamekuwa wakija na maswali yasiyohusu vipuri hata kidogo. Mtu ameachiwa gari kuukuu na babake huko Njoro au Subukia, amesikia tangu utotoni kwamba gari hilo lilishindana, na sasa anataka kujua lilishindana wapi, lini, na nani alikuwa kwenye usukani. Wengine wanaulizia kwa kupenda tu. Wengine, niseme ukweli, wanaulizia kwa sababu wamesikia kwamba gari lenye historia huuzwa kwa bei kubwa kuliko lisilo nayo, na madalali wa magari ya kale hawakosi kupita vijijini. Pesa zikishaingia katika hadithi, hadithi hunenepa.

Nitoe mfano wa Peugeot 404 niliyoitwa kuitazama katika banda la shamba moja upande wa Bahati. Familia iliamini kwamba gari lile lilishinda Safari. Dalili za mashindano zilikuwapo kweli. Kwenye dashibodi, upande wa abiria, palikuwa na matundu manne madogo yaliyozibwa, mahali ambapo mwelekezi alifungiwa kifaa cha Halda cha kupimia umbali. Juu ya madigadi za mbele palikuwa na viraka vilivyochomelewa, palipokaa taa za ziada za kumulika kona na wanyama usiku. Tulipoinua zulia tukakuta maungio ya bodi yamechomelewa upya kwa mstari mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho, kazi ambayo gari la kawaida halifanyiwi kiwandani, bali fundi huifanya kwa mkono wake ili bodi isipasuke kwenye makorongo. Kwenye kizingiti cha mlango rangi ilikuwa imebambuka, na mtu aliweza kuhesabu matabaka: kijani juu, nyeupe chini yake, na buluu chini kabisa.

Kisha mwenye gari akaleta logibuku, na ndani yake gari lilikuwa limesajiliwa mara ya kwanza 1969. Peugeot 404 ilishinda Safari mara nne, yaani 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1969 ushindi ulikwenda kwa Robin Hillyar na Jock Aird waliokuwa na Ford Taunus 20M, na baada ya hapo 404 haikushinda tena. Gari lile, basi, halikuwa mshindi wa Safari. Mwana wa marehemu aliniuliza kwa unyonge, "Kumbe mzee wetu alitudanganya?" Nikamjibu kwamba sioni uongo wowote hapo: mtu hununua gari kutoka kwa mtu aliyelishindanisha kwa fedha zake mwenyewe, anaambiwa "hili ni gari la Safari", na kati ya jikoni na sebuleni neno "la Safari" linageuka kuwa "lililoshinda Safari". Lililonisumbua mimi ni jingine. Fundi aliyezichomelea zile bodi alikuwa hodari sana, kwa maana baada ya zaidi ya nusu karne hakuna ungio lililoachia, na katika karatasi zote za familia ile jina lake halikuonekana mahali popote.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kurasa za kumbukumbu. Tumejizoesha kuamini kwamba gari la mashindano ni la dereva, na kwamba dereva akishatajwa habari imekwisha. Magari yenyewe yanatukanusha. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo 1965 haikuwa mpya walipoingia nayo. Ilikuwa imetumika mwaka mmoja kabla, katika Safari ya 1964, mikononi mwa Tom Trana kutoka Sweden. Mtu anayeifuatilia kwa jina la Joginder peke yake atalikosa nusu ya maisha ya gari hilo, na anayeifuatilia kwa jina la Trana ataliacha likiwa halijamaliza mbio. Ikumbukwe pia kwamba Joginder mwenyewe, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri, na ninaamini kwamba rekodi yake ya kufika mwisho mara 19 katika Safari 22 alizoshiriki ilitokana na mikono iliyojua spana kama ilivyotokana na mguu uliojua kukanyaga mafuta. Tunamwita Simba wa Kenya na tunafanya vyema, lakini katika yote yaliyoandikwa juu yake ni machache mno yanayoeleza alijifunza nini chini ya magari kabla hajakaa ndani yake.

Orodha yenyewe pia ina mitego kwa anayeisoma bila kuuliza. Mashindano ya kwanza, yaliyoanza 27 Mei 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yaligawa magari katika madaraja kulingana na bei ya gari dukani, na hayakuwa na mshindi mmoja wa jumla. Alan Dix na Volkswagen yake walipandishwa juu ya orodha na waandishi waliokuja baadaye waliotaka kila mwaka uwe na jina. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wakiwa na magari ya Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa, na Mehta akapewa ushindi kwa kanuni ya kuamulia sare. Anayesoma orodha huona Mehta tu. Vivyo hivyo mwaka 1994 huonyesha jina la Ian Duncan na Toyota Celica, na hivyo ndivyo inavyostahili, lakini kijana wa Nakuru anayetafuta Mkenya Mwafrika aliyefanya vizuri mwaka huo hatamwona Patrick Njiru aliyemaliza wa nne na Subaru, kwa sababu kurasa zetu hukomea nafasi ya kwanza.

Nimejifunza namna bora ya kuuliza kutoka mahali ambapo huenda wasomaji wako hawakupatarajia, nako ni kwa Wamarekani wanaotafiti magari ya zamani ya mbio za dragi. Hizi ni mbio ambazo magari mawili husimama sambamba, taa zikiwaka yanafyatuka katika mstari ulionyooka, na kwa desturi umbali ni robo maili, takriban mita 402. Chama chao kikuu, NHRA, kilianzishwa na Wally Parks mwaka 1951, na mashindano yao ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Great Bend, Kansas, mwaka 1955. Tangu 2008, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta, madaraja yenye kasi kubwa kuliko yote yalipunguziwa umbali hadi mita 305 hivi. Hayo ni ya kuelezea tu. Linalotuhusu ni kwamba magari yale ni magumu kuyafuatilia kuliko hata ya kwetu. Dragsta ya zamani ilikuwa mabomba yaliyochomelewa pamoja, injini kubwa, magurudumu mawili mapana nyuma na kiti cha dereva. Mwenyewe akichoka aliuza fremu peke yake na kubaki na injini, mnunuzi akatia injini nyingine, akafuta jina lililoandikwa ubavuni na kuandika lake. Msimu mmoja tu ukipita, gari lile lile lilikuwa limepata jina jipya, rangi mpya na moyo mpya.

Kisha likaja jambo lililoyamaliza mengi kwa mara moja. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions karibu na Long Beach, California, mfumo wa gia wa gari la dereva wa dragi Don Garlits ulilipuka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Katika magari ya wakati huo injini ilikuwa mbele na dereva alikaa nyuma kabisa, miguu yake ikipita juu ya vyuma vinavyozunguka. Garlits alipopona alijenga gari lenye injini nyuma ya dereva, na 1971 akaanza kushinda nalo. Muda mfupi baadaye magari yenye injini mbele hayakuwa na soko tena. Yalikatwakatwa, mabomba yakatumika kwingine, mengine yakatupwa nyuma ya gereji. Watafiti wa leo mara nyingi huanza na fremu yenye kutu isiyo na injini wala jina, na swali la kwanza wanalouliza ni nani aliyeichomelea, kabla hata ya kumuuliza dereva. Kila mjenzi alikuwa na mkono wake: namna ya kukata bomba kwenye kona, umbo la vishikizo vya injini, mahali pa kuweka tundu la boliti. Mkono ukishatambuliwa, mwaka hukaribia, na baada ya mwaka huja picha, na katika picha ndipo dereva anapoonekana.

Tena wenzetu hao walikuwa na bahati moja ambayo sisi hatukuwa nayo. Magari mengi yaliandikwa ubavuni majina zaidi ya moja. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 lilikuwapo gari maarufu lililojulikana kwa majina ya watu watatu, Greer, Black na Prudhomme: Tommy Greer ndiye aliyekuwa mwenye gari, Keith Black ndiye aliyejenga injini, na Don Prudhomme ndiye aliyeendesha. Fundi wa injini aliwekwa katikati ya mwenye mali na dereva, na hakuna aliyeona ajabu. Sasa nitazame picha yoyote ya Safari ya miaka ya 1960 au 1970. Nitaona jina la dereva na la mwelekezi, nitaona matangazo ya mafuta, ya plagi na ya magurudumu. Jina la fundi silioni. Naye Garlits aliyahifadhi magari yake mengi na kuyafungulia makumbusho huko Ocala, Florida, mwaka 1984, kwa hiyo anayetafiti magari yake anaweza kwenda akapima kwa mkono.

Sidai kwamba ya Marekani yanaweza kuletwa hapa yalivyo. Mbio zao huisha kwa sekunde chache katika uwanja mmoja ambamo watu wote wamo, wapiga picha wakiwa kando ya mstari. Safari ya zamani ilikuwa takriban kilomita 5,000 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, usiku na mchana, na mafundi walitawanywa kwenye vituo vya huduma njiani, kila kundi likiona gari kwa dakika chache kabla halijapotelea gizani tena. Hakuna fundi hata mmoja aliyeona mbio zote. Kwa sababu hiyo hasa, ushahidi wetu hauwezi kupatikana kwa mtu mmoja wala kwa timu moja, bali ni kuunganisha alichokiona wa Nakuru na alichokiona wa Kericho, wa Eldoret na wa Kisumu.

Nilimpata mmoja wao Kisumu, mzee aliyeacha kazi zamani kwa sababu ya macho. Aliniambia kwamba alikuwa katika kituo cha huduma mwaka wa "magari saba", mvua ikinyesha, tochi ameishika kwa meno, wakabadilisha springi za nyuma za gari ambalo lilikuwa bado linatoa mvuke. Anakumbuka ukubwa wa boliti, na anakumbuka kwamba moja ilikuwa imepinda ikabidi ikatwe kwa tindo. Shida ni kwamba miaka ya magari saba ilikuwa miwili. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93 na yakamaliza 7 vilevile. Miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na miaka yote miwili walikuwa na Peugeot 404. Kana kwamba hayo hayatoshi kumchanganya mtu, Safari ilifanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka ya 1963 na ya 1968 zote ziliangukia 14 Aprili. Mwandishi wa habari akimuuliza mzee huyu swali la haraka, atachapisha mwaka wowote kati ya hiyo miwili na hakuna atakayemkosoa.

Nilimuuliza, "Mzee, wakati huo Uhuru tulikuwa tumeshapata?" Akacheka. "Mwanangu, mambo ya serikali mimi sikuyashika sana. Ninachojua, kifungua mimba wangu alikuwa ameshaanza kutumwa dukani, na huyo alizaliwa mwaka tulioinua bendera." Basi ilikuwa 1968. Swali la mwaka hupata jibu namna hiyo, kwa kupitia uzazi, mavuno, nyumba iliyojengwa au mwajiri aliyehama, na mtafiti asiye na subira ya kukaa chini na kunywa chai hawezi kulipata. Niliandika pia kile alichosema kuhusu ile boliti, kwa kuwa boliti iliyokatwa kwa tindo huacha alama kwenye kishikizo, na alama hiyo inaweza kuonekana mpaka leo kama gari lipo na kishikizo hakijabadilishwa.

Vyanzo vya maandishi navyo vipo, na baadhi yake viko katika lugha hii tunayoiandikia barua. Watafiti kutoka Ulaya wanaokuja kufuatilia magari yao husoma magazeti ya Kiingereza ya wakati ule na kurudi makwao. Gazeti la Baraza, lililoanza 1939, na Taifa, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, yaliandikwa kwa wasomaji ambao baadhi yao ndio waliokuwa kwenye magereji na vituo vya mafuta. Yeyote anayetaka kujua habari za mafundi, matanboi, wasukumaji wa magari yaliyokwama na wenye vituo vya mafuta, aanzie humo, badala ya kusubiri zitajwe katika taarifa za viwanda. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ina magazeti ya zamani, na Idara ya Nyaraka za Kitaifa ina vituo nje ya Nairobi, kikiwemo cha hapa Nakuru. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini haihitaji nauli ya ndege.

Kuhusu picha nina neno la tahadhari. Nambari za usajili za Kenya zenye herufi moja mwishoni, kama tunazoziona barabarani leo, zilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo nambari ilikuwa herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho. Mtu akikuletea picha anayodai ni ya Safari ya 1974, mwaka ambao Joginder alishinda na Mitsubishi Lancer, na gari lina herufi mwishoni mwa nambari, aidha picha si ya mwaka huo au nambari imebadilishwa baadaye. Ni ukaguzi wa dakika moja, na ungeweza kufanywa katika meza ya michezo kabla ya gazeti kwenda mtamboni.

Rangi nayo isimdanganye mtu. Datsun 240Z ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo 1971 ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi, na namba 11 mlangoni. Gari hilo limehifadhiwa na Nissan wenyewe huko Japani. Zipo 240Z nyingine zilizopakwa rangi hizo hizo, na tangu mbio za magari ya kale za East African Safari Classic zianze 2003 watu wengi wamejenga magari kwa mfano wa yale ya zamani, tena waziwazi, wakijua na wakisema kwamba ni ya kuigiza. Simlaumu anayejenga gari la kuigiza, maana hiyo nayo ni kazi ya ufundi na inawapa vijana wetu ajira. Kosa ni la anayelipiga picha na kuandika chini yake kwamba ndilo lenyewe.

Naomba mambo machache, Mhariri, na nitayataja kwa uzito ninaoyapa. Kubwa kabisa ni kwamba mwandishi wako anapotumwa kuandika habari za gari la zamani la mashindano, aulize nani alilitengeneza kabla ya kuuliza nani aliliendesha, na jibu alichapishe hata kama ni jina la mtu asiyejulikana. Aombe kuiona logibuku, aandike namba ya chesisi na ya injini katika daftari lake, na alinganishe namba iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye karatasi, kwa kuwa mara nyingi hazilingani na kutolingana kwenyewe ni habari. Injini ya mashindano ilibadilishwa kama mtu anavyobadilisha shati. Chesisi ndiyo yenye kukaa na gari, ingawa nayo imewahi kukatwa na kuungwa.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru, ambayo kila mwaka huwapokea wageni wa Safari huko Naivasha, Soysambu na Elmenteita, ingeweza kwa gharama ndogo sana kutenga siku chache kabla ya mbio ili wazee waliokuwa kwenye magereji waje na picha zao, zinakiliwe papo hapo na warudishiwe zao mkononi siku hiyo hiyo. Nasisitiza kurudishiwa. Nimekutana na familia zaidi ya moja zilizoazimisha albamu kwa mtu aliyejitambulisha kuwa mtafiti, na albamu haikuonekana tena. Ndiyo maana leo mlango unafungwa hata kwa mwenye nia njema. Kaunti za Kisumu na Kericho zinaweza kufanya vivyo hivyo, na Kericho ina sababu yake ya pekee, kwa kuwa ndiko alikozaliwa bingwa mwenyewe. Sanamu si lazima. Mashine ya kunakili picha na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri wanatosha.

Kwa wenye magari, ombi langu ni la kifundi. Kabla ya kupeleka gari kupuliziwa rangi, pigeni picha kila tundu, kila kiraka na kila ungio, hasa chini ya zulia, ndani ya buti na upande wa chini wa dashibodi. Msiamuru fundi wa bodi azibe matundu ya zamani ili gari "lipendeze". Nimeona gari moja mjini hapa likitoka kwa mpuliza rangi likiwa linang'aa kama kioo na likiwa limepoteza kila kitu ambacho kingeweza kulitambulisha, na mwenyewe alikuwa amelipa fedha nyingi kwa hasara hiyo.

Mwisho, natafuta msaada wa wasomaji wako kuhusu jambo moja mahususi. Ninakusanya maelezo ya watu waliofanya kazi katika vituo vya huduma vya Nakuru, Kericho na Kisumu katika Safari za 1963 na 1968, wawe mafundi, matanboi, wapishi au walinzi wa vipuri. Mwenye kukumbuka, au mwenye mzazi anayekumbuka, na aandike kupitia kwako, ataje kituo kilikuwa wapi, nani alikuwa msimamizi wa zamu, na gari lipi walilishughulikia kwa mikono yao, hata kama halikufika mwisho. Katika miaka hiyo miwili magari 163 hayakufika, na kwa hayo karibu hatuna maelezo yoyote. Anayekumbuka mojawapo ya hayo nitamfuata alipo.

Wako mtiifu,

Muuza vipuri na msomaji wenu wa siku nyingi,
Nakuru